Utelezi wa Ngazi za Michel

Dorothée alikuwa Mnyanga wa upande wa Walikale, binti wa mtu aliyetega wanyama na kulima ndizi, huko ambako jua hufika chini likiwa limechoka kwa wingi wa miti. Aliyemleta kwenye vilima vya Masisi ni mume. Michel alikuwa mwashi, Mhunde wa hapa kwetu, juu kidogo ya Kashuga. Alikwenda Walikale kujenga dispensari, akakaa kule kupita muda wa kazi yenyewe, na aliporudi alirudi na mke na lugha ya mke. Mbele za watu walisema Kiswahili. Nyumbani walisema Kinyanga, na Michel alikuwa akikosea maneno kwa makusudi ili mkewe acheke.

Hawakupata mtoto. Watu walimwita Mama Dorothée hata hivyo, kwa heshima, naye aliitika.

Chini ya nyumba yao palikuwa na chemchemi. Zamani wanawake waliteremka kwa njia ya udongo, na mvua ikinyesha wengine waliteremka kwa makalio. Michel ndiye aliyepasua mawe ya kilima akayapanga ngazi kutoka barabarani mpaka majini, kisha pale chini akatandaza mawe bapa, pakawa na uwanja mdogo wa kuwekea bidoni za maji. Saruji ilitoka parokia, mchanga wanawake waliubeba wenyewe. Siku kazi ilipokwisha, mama mmoja mzee alipanda na kushuka ngazi bila kubeba kitu, kwa raha tu, mpaka wajukuu wakaja kumchukua. Pembeni Michel akapanda avoka, mti wa parachichi, ili anayengoja zamu yake asichomwe na jua.

Baadaye kazi za ujenzi zilikauka. Nani ajenge nyumba ambayo kesho ataikimbia? Michel akasikia kwamba kule Omate, kwenye machimbo, wanatafuta mtu anayejua kushikiza kuta za mashimo. Akaenda. Alipiga simu kila alipopanda mahali penye mtandao. Halafu simu zikakoma, na siku moja akaja mwendesha pikipiki, akasimama mlangoni ameshika kofia yake, akasema shimo liliporomoka na waliokuwa ndani hawakutolewa. Hakuleta nguo wala kiatu. Kaburi la kuonyesha halikuwapo.

Kuanzia hapo Kinyanga kilibaki kinywani mwa Dorothée peke yake. Mara nyingine alitamka neno moja kwa sauti, jina la mvua au la kuku, ili alisikie tu.

Vita vilipofika kwenye kilima chetu, watu walitawanyika. Wengine walikwenda Goma, wengine kambini Kashuga, na Dorothée alikuwa kati ya hao wa kambini, chini ya turubai, karibu na watu asiowajua. Majira mazima ya mvua yalipita bila mguu kukanyaga ngazi za chemchemi. Bunduki ziliposogea mbali, yeye alitangulia kurudi kwa sababu hakuwa na mtu wa kushauriana naye. Alikuta mlango umevunjwa na vyungu vimechukuliwa. Akatwaa bidoni yake akashuka kuchota maji.

Mawe hayakuonekana. Juu yake palikuwa pameota kitu laini cha kijani, kifupi kama manyoya ya ndama, kimefunika ngazi na uwanja wote. Waliosoma hukiita mousse. Sisi twasema utelezi tu, kwa jina la kazi yake. Dorothée alipapasa kwa kiganja, akaona pana ubaridi na ulaini, na kwa kweli hakuuchukia. Kila kitu kingine kilimwambia kwamba watu wameondoka. Utelezi huo ulikuwa umekuja. Alishuka taratibu, akishika mawe kwa vidole vya miguu, akachota, akapanda.

Lakini watu walirudi. Solange, mke wa jirani, alikuwa akipanda na bidoni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mguu ukamponyoka. Dorothée alisikia kishindo akiwa jikoni, kisha kilio. Alipofika alimkuta Solange amelalia mkono wake, na mkono ule ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Walimbeba mpaka kituo cha afya kwa machela ya miti.

Kesho yake, pale barabarani, wanawake walisema, "Ngazi za Michel zitatuua." Hawakujua kwamba Dorothée yuko nyuma ya ua. Aliposikia jina la mumewe likisemwa hivyo, alirudi ndani akaketi.

Noël, mkubwa wa kamati ya maji, alikuja kwa adabu zake zote, akakataa hata kukaa.

"Mama, batu banasema tubomoe."

"Mubomoe nini?"

"Ngazi. Turudi mu ile njia ya udongo. Mi sikutaka kuja kukuambia."

"Munipe siku kidogo, Papa Noël. Nitaisafisha mi mwenyewe."

Tangu wakati wa kolera kamati ilikuwa na bidoni za javel kwenye stoo, dawa kali ya kuulia vijidudu, za kusafishia vyoo. Noël alimletea zote kwa moyo mwema. Dorothée alishinda siku nzima pale. Alimwaga javel kavu kavu bila kuichanganya na maji, akasugua kwa brosi, macho yakimwasha, akachota maji ndoo baada ya ndoo na kusukuma povu lote chini. Kufika jioni ule ukijani ulikuwa umepauka kama muhogo uliolowekwa. Wanawake walikuja kutazama. Mmoja alimkumbatia. Usiku huo alilala mapema, mikono ikimchoma, na alilala vizuri.

Maji ya chemchemi yetu hufanya kijito, na kijito huteremka mpaka malishoni kwa Gatera. Gatera alikuwa mfugaji, wa jamaa za ng'ombe na jibini. Mke wake, Nyirakamana, na watoto walikwenda Goma bunduki zilipoanza, na wamebaki huko. Yeye alikataa kuacha ng'ombe, akahama nao, kisha akarudi nao. Karibu na nyumba yake alikuwa amechimba bwawa la samaki, akaligawia maji kutoka kijitoni. Miaka yote ile yeye na Dorothée walisalimiana kwa mbali, mkono juu, basi.

Asubuhi Dorothée alishuka kuchota. Kwenye maji, chini tu ya mawe yake, kaa wadogo walikuwa wamelala chali. Viluwiluwi walikuwa weupe. Visamaki vidogo vilikuwa vimenasa kwenye mizizi ya nyasi, matumbo juu. Harufu ya javel ilikuwa bado iko. Hakuna aliyemwambia kitu, alielewa mwenyewe.

Angeweza kupanda arudi nyumbani. Badala yake aliifuata njia ya kijito, na kila alipotazama majini alikuta vile vile, mpaka akafika bwawani. Gatera alikuwa amesimama ndani, suruali imekunjwa, samaki wakielea kumzunguka.

"Papa Gatera."

Hakugeuka. "Angalia, mama. Angalia vile muntu anaweza fanyia mwenzake. Bamenitupia sumu."

"Haiko batu. Ni mimi njo nilifanya."

Hapo akageuka.

"Nilisafisha majiwe na javel," Dorothée alisema. "Mayi ikashuka huku. Sikuwaza samaki. Sikuwaza kintu, niliwaza majiwe tu."

Gatera aliinama akainua samaki mmoja mkubwa, akamshika kwa mikono miwili. "Ng'ombe zilikataa kunywa. Nikajua kuko kintu." Alimgeuza taratibu viganjani. "Huyu njo mama yao. Iko na mimi tangu Nyirakamana yuko hapa."

"Unifanye vile unataka."

"Nikufanye nini? Nikipiga kelele, itaamka?" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mangaribi, kazi ikiisha, nilikuwa naongea nazo, mama. Minakuwa muntu wa kuongea na samaki. Bibi Goma, batoto Goma. Sasa nitaongea na nani, na kilima?"

Dorothée alivua kandambili zake akaingia majini. Walitoa wafu wote, wakachimba shimo mbali na kijito, maana Gatera hakutaka mtu awaokote akawale. Walifanya kazi ile mpaka jua likawa kali. Alipomaliza, Dorothée alinawa mikono kwa majani, si kwa maji ya pale, akapanda kwenda kwake.

Mvua ikanyesha, ikanyesha tena, na utelezi ukarudi. Ulianza kwenye nyufa kati ya jiwe na jiwe, ukaenea. Noël akaja na habari njema usoni.

"Kuko javel ingine, mama. Nimeitafuta mbali."

"Uirudishe, papa."

"Sasa tubomoe?"

"Hapana."

"Sasa tufanye je?"

Dorothée hakujua. Alikwenda kituo cha afya, kumwona Solange na kuuliza. Solange alikuwa ameletwa kubadilishiwa bendeji. Alimwitikia salamu akitazama ukuta. Muuguzi, Josiane, ndiye aliyemkaribisha kwenye benchi, akamsikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi.

"Ni mimi pia nilikosea," Josiane alisema. "Ile javel ilitoka hapa kwetu zamani, na sikuambia kamati kwamba haipaswe ifike mu mayi. Samaki na kaa zinapumua mule mu mayi, na mashavu yao ndani ni laini kabisa. Javel inaichoma. Na ule utelezi, inaua wa juu tu. Wa mu nyufa unangoja mvua."

"Sasa kuko dawa gani?"

"Dawa ni jua. Pale chini jua inafika?"

"Haifike. Avoka inafunika."

"Basi. Utelezi unapenda kivuli na majimaji. Ungoje majiwe ikauke kidogo, ukwangue na mukono, utie mu kitunga, upeleke mbali. Usisukume mu mayi. Halafu uondoe kivuli."

Solange, bila kugeuza kichwa, akasema, "Ile avoka iko na matunda mazuri."

"Iko nayo," Dorothée alijibu, na hiyo ndiyo yote waliyozungumza.

Katika vitu vya Michel wezi waliacha mwiko wa kujengea tu, ulioliwa na kutu kwenye ncha. Dorothée alianza nao ngazi ya juu kabisa. Aligundua kwamba siku ya jua, mawe yakiwa makavu, utelezi hubanduka vipande vipande kama ngozi ya ng'ombe inayochunwa. Siku ya mvua huchafua tu na kuteleza mkononi. Kwa hiyo alijifunza kungoja. Alichokwangua alikitia kwenye kitunga akakimwaga kwenye mashina ya migomba. Nyufa alizijaza mchanga mkavu. Magoti yalimwuma. Wanawake walipita na bidoni, wakasema "courage, mama," wakaendelea, maana kila mmoja alikuwa na yake.

Ngazi za juu zilitulia. Za chini, na ule uwanja wa mawe bapa, zilimshinda. Alikwangua, ukarudi. Akakwangua, ukarudi. Alijua sababu, lakini alifanya kazi kichwa chini, asitazame juu.

Gatera alipita siku moja akirudi kutoka kuuza maziwa, bidoni yake tupu mkononi. Alisimama, akatazama maji ya mvua yanavyotiririka kutoka barabarani na kupita juu ya mawe. Akaenda, akarudi na jembe. Alichimba mfereji kando ya ngazi, kutoka juu, ukageuza maji kuelekea kwenye migomba. Alipomaliza alijifuta jasho, akainua macho kwenye mti.

"Naona unaangalia," Dorothée alisema.

"Sijasema kintu."

"Ni Michel aliipanda."

"Najua. Nilimuona siku ile. Alikuwa anaimba vibaya."

Dorothée alitabasamu, akaacha. Alikwangua kidogo, akaweka mwiko chini.

"Tunaweza kata matawi tu," Gatera alisema kwa sauti ya chini.

"Matawi itarudi. Na mimi niko nazeeka. Kata yote." Alisimama. "Lakini niwe hapa. Usikate kama siko."

Gatera alikuja na shoka siku kavu. Alilikata shina upande wa kilimani, ili mti usiangukie majini, na ulipoanza kulia ndani alimwambia Dorothée asogee. Mti ulianguka, avoka changa zikatawanyika nyasini. Na jua likashuka lote kwa mara moja juu ya mawe, kana kwamba lilikuwa limengojeshwa mlangoni. Dorothée aliona alama za patasi kwenye kila jiwe, vijistari vidogo vilivyopangwa, kazi ya mkono uliokuwa na subira. Miaka ile yote hakuwa ameziona vizuri.

Akakaa chini akalia. Hakuwa amelia hivyo alipokuja mtu wa pikipiki, wala kambini, kwa sababu mtu hulia mbele ya maiti, na yeye hakupewa maiti. Sasa alilia kwa sauti, jinsi wanawake wa kwao wanavyolia.

Gatera aliweka shoka. Alivua kofia, akaenda kuketi ngazi kadhaa juu, akimpa mgongo, kama wanaume wanavyokaa matangani. Wanawake waliokuwa wakija kuchota walisikia, wakasimama barabarani. Walidhani habari ya kifo imefika. Mmoja akatua bidoni yake, akashuka, akaketi. Wengine wakafuata. Solange alikuwapo, mkono wake umefungwa shingoni. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walikaa mpaka Dorothée alipomaliza, na alipopangusa uso kwa kitenge chake, mama mmoja alisema, "Pole ya Papa Michel." Wote wakarudia. Kisha wakachota maji, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda.

Tangu hapo mawe hukauka kabla ya adhuhuri. Utelezi haukwisha, kila mvua huchungulia kwenye nyufa, na Dorothée huukwangua ukiwa bado mwembamba, kabla haujashika. Noël hakutaja tena kubomoa. Javel ilibaki kwa vyoo. Kijitoni waliorudi kwanza ni vyura, sauti zao tu, halafu kaa mmoja akaonekana chini ya jiwe akirudi nyuma nyuma. Maji yalipokuwa yamejisafisha vya kutosha, Gatera aliletewa samaki wachanga na rafiki yake wa Mweso, ndani ya bidoni, kwa pikipiki, njia nzima kifuniko kikiachwa wazi ili wapate hewa.

Gatera akawa na desturi ya kusimama chemchemini akitoka kukamua. Alizungumza juu ya ng'ombe, juu ya mtoto wake wa pili ambaye sauti yake kwenye simu imeanza kuwa nzito, ya kiume. Hakuwahi kuingia nyumbani kwa Dorothée, wala Dorothée kwake. Ilitosha.

Kisha milio ikasikika tena, upande wa magharibi, mbali lakini kila siku karibu zaidi kidogo. Mfugaji ndiye huwa wa kwanza kuhama, kwa sababu mali yake inaonekana. Alikuja akiwa na fimbo, ng'ombe wakingoja barabarani.

"Mama, minaenda nazo. Samaki haiwezi kutembea."

"Nitaziangalia."

"Usizipe chakula mingi. Mayi itaoza."

"Nimesikia. Uende na Mungu, Papa Gatera."

"Ubakie naye."

Dorothée alimtazama mpaka ng'ombe wa mwisho akapotea kwenye kona. Siku za kwanza simu ya Gatera iliita. Baadaye ilimjibu ile sauti ya mashine, sauti ya mwanamke mstaarabu asiyejua lolote. Nyumba yake kule chini haikutoa moshi. Bunduki zilikaa huko huko zilipokuwa, hazikuja wala hazikuondoka, na watu wa kilima walikaa vilevile, virago vimefungwa.

Kila asubuhi Dorothée alishuka na pumba za mahindi na mchwa aliowakusanya, akawarushia samaki kwa kipimo. Asubuhi moja aliona kama kivuli kinachotembea pembeni mwa bwawa, mahali pa maji haba. Akainama. Lilikuwa wingu la vitoto vya samaki, vyembamba kama sindano, vikigeuka pamoja.

Alisimama haraka, mdomo wazi, akatazama huku na huku. Malisho yalikuwa tupu. Alitoa simu mfukoni, akapiga, akasikiliza ile sauti mpaka mwisho. Basi akapanda kwenda chemchemini, akasimama juu ya mawe kungoja yeyote.

Aliyekuja alikuwa mwanamke asiyemjua, mmoja wa waliohamia karibu wakitokea kambini. Alishuka ngazi kwa hatua za kawaida, akizungumza peke yake, bila kutazama anapokanyaga.

"Mama, utue bidoni kidogo," Dorothée alisema. "Kuko kintu nataka uone."

"Kintu gani?"

"Kuya tu, tuende."

Mwanamke yule alisita, kisha akatua. Walifuata kijito pamoja, wakachuchumaa ukingoni. Dorothée alionyesha kwa kidole, na yule mwanamke akachelewa kuona, kisha akaona, akashika kinywa.

"Eee! Iko mingi. Ya nani?"

"Ya jirani yangu. Aliondoka na ng'ombe."

"Atarudi?"

"Sijui."

Walitazama. Vitoto vilitawanyika, vikakusanyika. Mwanamke yule alisema jina lake ni Laetitia, akaomba msamaha kwamba watoto wanangoja maji, akaondoka. Dorothée alibaki amechuchumaa pale pale, mpaka jua lilipofika katikati ya bwawa.